Muulize Mwalimu: Redio ya kijiji ni ya nani?

Barua nyingi za mwezi huu ni za redio, nami nimefurahi. Walioanza kunisoma juzi wajue kwamba nilifundisha shule za msingi hadi nikastaafu, kisha nikaingia redio ndogo ya jamii kando ya ziwa na kuendesha kipindi cha Jumamosi asubuhi bila mshahara. Nimechagua barua tatu.

SWALI: Mwalimu, hujambo? Kaka yangu anafanya kazi Nairobi, na Krismasi tulibishana hadi chakula kikapoa. Yeye anashikilia kwamba redio za jamii zilianzia Korogocho na Kibera, sisi wa huku tukaiga. Baba mkwe wangu anasema ya kwanza ilikuwa Homa Bay na serikali ikaifunga. Nani anasema kweli? – Msomaji, Oyugis

JIBU: Sijambo, dada. Baba mkwe wako amesema kweli, na ningependa kaka yako alisome jibu hili mwenyewe.

Mei 1982 redio ya jamii ilianza kusikika Homa Bay, mji uliokuwa makao makuu ya Wilaya ya South Nyanza. Iliwekwa na UNESCO kwa kushirikiana na serikali ya Kenya. Ukisoma maandishi ya maana kuhusu historia ya redio za jamii Afrika, jina la Homa Bay utalikuta kwenye kurasa za mwanzo. Mtambo wake ulikuwa wa FM, mdogo, wa bei nafuu, na lengo lilikuwa kuonyesha kwamba wilaya inaweza kuwa na sauti yake bila kungojea kila kitu kitoke Nairobi. Lugha ilikuwa Dholuo.

Kaka yako ni wa enzi hii ya stesheni chungu nzima kwenye simu, kwa hiyo huenda haoni jambo hilo lilikuwa zito kiasi gani. Redio yenyewe haikuwa ngeni kwetu. Mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni iliunda Kenya Broadcasting Services na kuweka vituo vya mikoa: Sauti ya Mvita kule Mombasa, kingine Nyeri, na Lake Station hapa Kisumu. Julai 1964 utangazaji ukawekwa chini ya serikali huru kwa jina la Sauti ya Kenya, VOK tuliyoizoea, na mwaka 1989 likarudi jina la KBC, Shirika la Utangazaji la Kenya, lililoitangulia VOK. Majina yalibadilika. Aliyeamua kisemwe nini, saa ngapi na kwa lugha gani, alibaki Nairobi miaka yote hiyo. Kisumu ilitangaza kwa lugha za huku, Dholuo na Kiluhya zikiwemo, kwa saa ilizopangiwa.

Jina la mtu wa kijijini lilifika hewani kwa njia mbili: kadi ya salamu, au tangazo la kifo. Kadi uliinunua dukani, ukabana mwandiko ili jamaa wote waenee, ukaipeleka posta, ukaanza kungoja. Na saa ya matangazo ya vifo ilipofika nyumba nzima ilinyamaza, maana ndivyo mtu wa Ugenya alivyojua kwamba shemeji yake amefia Mombasa na maiti itasafirishwa lini. Kati ya salamu na kifo hapakuwa na mahali pa kusema kwamba kisima kimechafuka, au kwamba ng'ombe wanakufa na daktari wa mifugo hajaonekana tangu mvua zianze.

Mwaka huo wa 1982 nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, na likizo nilizimalizia kwa shangazi yangu Homa Bay. Redio yake ilikaa juu ya kabati la vyombo, imefunikwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, na betri zikichoka alizianika juani ukutani ili zimalizie wiki. VOK aliisikiliza huku akiendelea na kazi zake. Ile ya Homa Bay aliijibu. Mtu redioni akizungumza habari za soko, shangazi anamjibu kutoka jikoni kwa sauti, anamkubalia, anamkatalia, anamwambia arudi akaulize bei upya. Miaka yote niliyomjua, VOK hakuwahi kuijibu. Mimi niliyekuwa nimesomea mbinu za kufundisha nilikaa pale nikaona kwa macho yangu tofauti ya kusemewa na kusemezana, na ndiyo iliyonipeleka studio nilipostaafu.

Miezi mitatu haikutimia. Jumapili ya Agosti 1, 1982, askari wa jeshi la anga walijaribu kuipindua serikali, wakaingia studio za VOK Nairobi na kumlazimisha mtangazaji Leonard Mambo Mbotela awatangazie Wakenya kwamba serikali imeangushwa. Siku hiyohiyo wanajeshi watiifu kwa Rais Moi wakakirudisha kituo. Tangu hapo wakubwa walimtazama kila aliyeshika kipaza sauti kwa jicho jingine, na redio ya wilaya inayozungumza lugha ya wilaya haikuwa na mtetezi. Kufikia katikati ya miaka ya 80 serikali ilikuwa imeifunga.

Msomaji wangu, hapa ndipo ninapotaka wewe na kaka yako mkae kidogo. Redio ile ilianzishwa kwa idhini ya ofisi, ikafungwa kwa amri ya ofisi. Shangazi aliipenda kuliko kitu chochote kilichokuwa na betri nyumbani kwake, ila hapakuwa na karatasi hata moja iliyompa haki ya kuuliza kwa nini imenyamaza. Hilo ndilo jambo la kujifunza Homa Bay, na ndilo ninalolirudia kwa kila kikundi kinachonijia na ndoto ya redio.

Ukapita ukimya wa karibu miaka 20. Mwaka 2004 redio ya jamii ya Mang'elete ikaanza kule Ukambani kwa juhudi za vikundi vya akina mama. Koch FM ya vijana wa Korogocho ikafuata mwaka 2006. Kwa hiyo hata katika ufufuo huo akina mama wa mashambani waliitangulia Nairobi, umwambie kaka kwa upole. Huku kwetu OSIENALA, shirika la marafiki wa Ziwa Victoria lililo Dunga, Kisumu, likaanzisha Radio Lake Victoria. Budalang'i ikapata Bulala FM kwa msaada wa Idara ya Hali ya Hewa, na ukijua jinsi Mto Nzoia unavyovunja kingo hutauliza kwa nini idara ya mvua ijishughulishe na redio. Onyo la mafuriko likisomwa Nairobi kwa lugha ya ofisini, mtu wa huko Bunyala atalisikia akiwa tayari juu ya paa.

Kule Emuhaya, Vihiga, nakupendea zaidi. Wazee wa ukoo wa Nganyi wamerithi elimu ya kutabiri mvua kwa kutazama miti, ndege na wadudu wa misitu yao mitakatifu. Wataalamu wa hali ya hewa, pamoja na Chuo Kikuu cha Maseno na wengine, waliketi nao, wakalinganisha dalili za wazee na hesabu za mitambo kabla ya msimu, wakatoa utabiri mmoja. Na redio ya jamii ya pale hupeleka habari hizo kwa mkulima kwa lugha yake, kabla hajaweka mbegu ardhini.

SWALI: Mwalimu, sisi ni chama cha akina mama, wengi wakulima wa mpunga. Mfadhili ameahidi kutuletea mtambo wa redio na anasema tuanze tu, mengine yatajipanga. Je, redio ya umma na redio ya jamii ni kitu kimoja? Tunaweza kupokea matangazo ya maduka? Na tujitayarishe vipi? – Mwenyekiti wa chama, Ahero

JIBU: Mama mwenyekiti, hayatajipanga. Mkishawasha mtambo bila leseni mmevunja sheria, na mitambo hukamatwa.

Marekebisho ya sheria ya mawasiliano ya mwaka 2009 yalizigawa redio mafungu matatu. Ya umma ni KBC na stesheni zake, kama Mayienga inayotangaza kwa Dholuo na Ingo kwa Kiluhya. Ya kibinafsi ni ya mfanyabiashara, na faida ni yake. Ya jamii ni lazima imilikiwe na kuendeshwa na chombo kisichotafuta faida, ihudumie jamii maalumu, na iwape watu wa jamii hiyo nafasi ya kuchagua na kutengeneza vipindi. Sheria inataja inapoweza kupata pesa: michango, ruzuku, udhamini, na ada za wanachama. Tangazo la duka la mbolea lisikuingieni kichwani kabla hamjaketi na masharti ya leseni mkayasoma mstari kwa mstari, na muiulize ofisi ya Mamlaka ya Mawasiliano pale msipoelewa. Kuuliza ni bure.

Sasa hapo kwenye ada za wanachama ndipo pana uhai. Nimeona redio za wafadhili zikifa, na kifo chake ni kilekile. Yetu ilikuwa na shirika lililolipa pango, stima na mtandao. Mradi ulipoisha, pikapu ilikuja asubuhi ya siku ya kazi, vijana wawili wakashuka, wakang'oa meza ya kuchanganyia sauti na kompyuta mbili, wakatupa karatasi ya kutia sahihi. Mtangazaji wa zamu alikuwa katikati ya habari za bei ya omena. Tulibaki na mnara, maikrofoni moja na deni la stima. Kilichotuokoa ni wavuvi wa bichi za jirani, waliochanga kutoka kwa mauzo yao hadi tukarudi hewani, kwa sababu kila alfajiri walikuwa wakipiga simu kutuambia upepo ukoje na samaki ananunuliwa kwa bei gani. Walikuwa wanaiokoa kazi yao wenyewe.

Kwa hiyo, kabla mtambo haujashuka kwenye lori, dai mkataba unaosema vifaa ni mali ya chama tangu siku vinapofika, na orodha iliyo na namba ya kila kifaa, sahihi za pande zote mbili na nakala kwa chifu. Mfadhili mwema hatakasirika. Akikasirika mmejua mapema.

Leseni ni ya chombo, si ya mtu. Sajilini chama vizuri, na bodi isiwe ya familia moja wala kanisa moja. Msimpe mwanasiasa kiti, hata kama ndiye atakayechangia mabati. Uchaguzi ukifika atataka kipaza sauti, na wasikilizaji wenu wa upande wa pili watazima redio wasirudi tena.

Mtambo wenyewe sasa. Mawimbi ya FM husafiri karibu kama macho yanavyoona: penye mlima hukatika, penye uwanda hutandaa. Nyinyi Ahero mko kwenye uwanda wa Kano, na ukuta wa milima ya Nandi uko kaskazini yenu. Ni bahati. Mnara wa wastani na mtambo wa nguvu ndogo utawafikia watu wenu wa Kano bila shida, na hamna haja ya kusikika Nandi. Anayewauzia mtambo mkubwa anataka pesa, na tena mtambo mkubwa hula stima kila saa iwe kuna msikilizaji au hakuna.

Maji nayo mnayajua kuliko mimi. Mto Nyando ukifurika huingia nyumbani bila hodi, basi chumba cha mtambo kiwe na sakafu iliyoinuliwa, na vifaa vikae juu ya rafu ya chuma, usawa wa kifua. Fundi akiwaambia chini kuna baridi nzuri, mkatalieni.

Halafu radi. Ukanda huu wa ziwa ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi zaidi duniani, na mnara ndio kitu kirefu kuliko vyote uwandani. Waya wa arthi, ule unaopeleka umeme wa radi ardhini, uwe mnene, wa shaba, ushuke moja kwa moja bila kona kali, na vyuma vya arthi vizikwe penye unyevu. Shaba huibiwa, kwa hiyo uangalieni waya huo kila wiki. Wingu likikolea alasiri, mtu wa zamu azime mtambo na achomoe plagi na waya wa antena. Wasikilizaji watasubiri saa moja. Mtambo ukiungua watasubiri mwaka.

Kuhusu vipindi sitawafundisha sana, maana nyinyi ndio wenye maneno. Anzeni na saa chache kwa siku, asubuhi kabla ya shamba na jioni baada ya chakula, kuliko kujaza saa 24 kwa muziki ambao kila stesheni ya Kisumu inao. Tangazeni zamu za maji ya mifereji. Mleteni fundi wa mashine ya kukoboa mpunga aeleze mchele unavunjika kwa nini. Na watu wapige simu, wakosoe. Siku msikilizaji wa Kobura atakapowapigia kusema mmetaja bei ya uongo, mtakuwa mmefika.

SWALI: Mwalimu, babu yangu marehemu alikuwa akiwarekodi wazee miaka ya 80, nyingine za vipindi vya VOK Kisumu, nyingine zake mwenyewe. Ameacha sanduku la kaseti chini ya kitanda. Mjomba anataka zichomwe, anasema hazina kazi tena. Nizifanyeje? – Kijana, Port Victoria

JIBU: Kijana wangu, lihamishe sanduku leo, liende nyumba ambayo mjomba halali. Baadaye mtaongea.

Nasema hivyo kwa uchungu. Historia ya redio zetu za huku imekaa kwenye kaseti za watu kama babu yako, kwa sababu studio zilikuwa na uhaba wa kanda na iliyotumika jana ilirekodiwa upya leo. Nilipoanza kipindi changu nilishika kaseti ambayo kibandiko chake kilikuwa kimekatwa na kuandikwa upya mara tatu, wino juu ya wino: jina la mzee, chini yake kwaya, chini yake hotuba. Iliyobaki ndani ni hotuba tu. Mzee yule alikuwa amefutwa ili nafasi ya mkutano ipatikane, na hakuna mtu aliyeona ubaya.

Fanya hivi. Juu ya kila kaseti, upande wa mgongo, kuna vijino viwili vidogo vya plastiki. Vivunje kwa ncha ya kisu kabla ya kitu kingine chochote. Bila vijino hivyo mashine haiwezi kurekodi juu ya sauti iliyomo. Andika namba kwenye kila kaseti, na namba hiyohiyo daftarini, pamoja na kila neno ambalo babu aliandika kwenye kibandiko na kwenye ganda. Hata neno usilolielewa, liandike lilivyo.

Zitazame dhidi ya mwanga kupitia kidirisha. Ukiona utandu mweupe kama unga kwenye ukanda, hiyo ni kuvu. Itenge, usiicheze, itachafua mashine na mashine itachafua nyingine. Zilizo safi zizungushe mbele hadi mwisho na nyuma hadi mwanzo kabla ya kucheza, ukanda ulegee. Zikikwama, zizungushe pole kwa penseli. Zilizoandikwa C120 zina ukanda mwembamba sana, ziache za mwisho utakapokuwa na mkono mzoefu.

Vile vichezeo vya bei rahisi vinavyouzwa kwamba vinageuza kaseti kuwa faili, viache. Kasi yake huyumba na wazee watasikika kama wamelewa. Nenda soko la Kibuye, Kisumu, utafute deki la zamani la kuchezea kaseti na fundi wa kulibadilishia mikanda ya mpira. Kichwa cha kusomea kisafishe kwa spiriti na pamba kila baada ya kaseti chache. Liunganishe na kompyuta, urekodi faili za WAV, kilohezi 48 na biti 24. Saa moja ya stereo itakula takriban gigabaiti moja, kwa hiyo nunua diski mbili, si moja, na zikae nyumba mbili tofauti. Usirekebishe mlio kwenye faili ya kwanza. Ukitaka kuondoa mvumo, fanya kwenye nakala.

Habari ya haki nayo. Zilizotengenezwa kwa ajili ya vipindi vya VOK usizirushe hewani wala mtandaoni bila kuongea na KBC, ndio warithi wa VOK. Zile za babu mwenyewe ni za familia, lakini sauti iliyomo ni ya mzee mwingine. Watafute wajukuu wake, wasikilizishe kwanza, waulize. Mara nyingi hao ndio watakaokutajia majina ya watu na mahali ambayo wewe hukuyapata, na yaandike palepale daftarini.

Kisha uwape nakala Bulala FM, maana uko katika eneo lao, na ofisi ya Nyaraka za Taifa iliyo Kakamega au Kisumu. Kaseti zenyewe usizitupe hata baada ya kunakili. Zisimamishe wima kwenye kasha kavu, mbali na spika na mbali na ukuta unaovuja.

Kama mjomba bado ni mgumu, chagua kaseti moja ambayo babu anauliza maswali, muwekee asikilize, umwache nayo chumbani. Halafu niandikie umekuta nini kwenye namba moja hadi kumi. Nina wasomaji Bunyala ambao wanaweza kuzitambua hizo sauti.